Hodi Kwenye Mlango wa Omo

Nilipofika niliuliza kwanza bahari iko wapi, maana meli niliiona. Ilikuwa imesimama katikati ya uwanda mweupe wa chumvi, mizinga yake imeelekezwa kwenye kitu kisichokuwapo, na chini ya tumbo lake mbuzi walikuwa wamejilaza kivulini wakicheua. Mwanamke aliyeuza karanga pale langoni alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mume wake wa kwanza. Bahari imekwenda, akasema. Lini? Akafikiri, akasema kesho, akajirekebisha, akasema jana, kisha akanipimia karanga zangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba katika mji ule jana na kesho hazikuwa na ugomvi. Zilikaa nyumba moja na kuazimana nguo, na mtu aliyejitia kuzitenganisha alionekana ama mgeni ama mwenye kiburi.

Sikwenda kule kutafuta kazi. Nilipelekwa na udadisi, maradhi niliyozaliwa nayo na ambayo mpaka leo sijayapatia dawa: nikiona mlango nataka kujua nyuma yake kuna nini, nikiona watu wamekusanyika nataka kujua kuna nini hata kama ni matanga. Jina langu lilikuwa limenidondoka mahali fulani njiani na sikuona haja ya kurudi kulitafuta. Mtu asiye na jina huingia popote, na anayeingia popote huona mengi. Nilipanda ngazi ya chuma nikijiambia nitatazama kidogo tu, kisha niondoke.

Mtunzaji wa meli, Bwana Lukindo, alinikuta nimetia kichwa ndani ya mdomo wa mzinga, nanusa. Alikuwa mtu mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, na alitembea ameinamisha kichwa hata nje juani, kwa mazoea ya milango mifupi. Hakuuliza mimi ni nani. Alinitazama mabega, akaenda, akarudi na koti la buluu lililopauka, lenye jina Faki limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Nililivaa, likanikaa. Aliyelivaa kabla yangu alikuwa ameliacha siku hiyohiyo, akaenda kuoa. Basi wewe ni Faki, akasema Bwana Lukindo. Nikauliza Faki ni nani. Akasema nisijali, nitaambiwa na kila mtu.

Na kweli niliambiwa. Meli ile ilikuwa meli ya vita, na sasa ilikuwa nyumba ya makumbusho, na humo ndani kila mfanyakazi alivaa marehemu mmoja. Fundi saa wa sokoni alivaa nahodha. Mshona viatu alivaa mpishi, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya jiko lililopakwa rangi nyeusi inayong'aa, akikoroga sufuria tupu, huku nyuma yake meza ndefu ya mabaharia imeandaliwa samaki wa udongo na mikate ya mbao. Wageni waliwagusa sana wale samaki. Nilijaribu kuinua mmoja siku ya kwanza, nikakuta amegandishwa kwenye sahani, na sahani imegandishwa kwenye meza.

Historia ya meli ilisimuliwa hivi. Ilijengwa katika nchi ya baridi, ikakatwa vipande, ikaletwa juu ya vichwa vya watu kupita misitu na milima, na baadhi ya vichwa hivyo vilibaki njiani, kisha ikaungwa tena hapa kwenye maji. Ikapewa jina la malkia ambaye hakuna aliyemwona. Ikapigana vita vya watu wengine. Ikabadilishwa jina ikaitwa Ushindi, ikapigana vita vyetu. Ikabadilishwa tena ikaitwa Amani, na hapo ndipo bahari ilipochoka nayo ikaondoka. Kila jina lilikuja na rangi yake, na palipobanduka ungeweza kuziona zote, moja juu ya nyingine, ile ya kijivu daima ikiwa chini.

Lakini kilichowaleta watu kilikuwa kisa kimoja tu. Siku ya mapigano makubwa, mzinga wa adui ulitoboa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, na maji yakaingia. Huko omo kulikuwa na mabaharia. Nahodha akaamuru mlango wa chuma ufungwe. Faki akaufunga. Maji yakaishia hapo, meli haikuzama, mizinga yake ikaendelea kupiga mpaka adui akageuza, na mji ukapona. Waliokuwa omo walibaki omo. Mji mzima ulikuwa umejengwa juu ya sentensi hiyo ya mwisho, na watu wake walitembea juu yake kila siku wakienda sokoni.

Mlango wenyewe ulikuwapo. Ulikuwa haujafunguliwa tangu hapo. Ziara ilipofika mwisho, wageni walikusanyika mbele yake kwenye ujia mwembamba, nahodha wetu fundi saa akasema, "Funga, Faki," nami nikashika gurudumu lake na kujikakamua, ingawa lilikuwa limekaza siku nyingi. Hapo kaseti iliyofichwa nyuma ya bomba ilianza kulia. Kwanza kishindo cha maji. Kisha ngumi juu ya chuma: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kimya. Ilirekodiwa zamani kwa maelekezo ya Faki wa kwanza, Faki mwenyewe, kabla hajafa, na inasemekana alirudisha mafundi studio mara nyingi mpaka akaridhika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sauti ikafifia, nami nikageuka nikasema, "Nimefunga, bwana." Wengine walipiga makofi, kisha wakaona haya wakaacha.

Kulikuwa na desturi moja humo iliyonipendeza kuliko mizinga yote. Watu wa mji ule hawakuona sababu ya kuingia kwa mtu bila hodi eti kwa kuwa mwenyewe amekufa. Kwa hiyo mbele ya kila mlango, wa chumba cha mashine, wa jiko, wa kile chumba kidogo alimolala nahodha, mgeni alisimama akabisha hodi, na mmoja wetu aliyekuwa ndani akaitika karibu, na hapo ndipo mguu ulipovuka kizingiti. Nilimwona waziri akibisha hodi kwenye choo cha mabaharia. Mbele ya mlango wa omo nako walibisha, hodi, hodi, hodi, mara tatu kama adabu inavyotaka. Hawakujibiwa, wakageuka. Ndivyo tulivyolelewa: ukibisha mara tatu usiitikiwe, ondoka, maana kuendelea ni ujeuri na kuchungulia ni uchawi. Vizazi vilikuwa vimebisha pale na vikaondoka na adabu zao.

Basi nikakaa. Nilisema nitaondoka nikijua nyuma ya mlango kuna nini, na kwa kuwa sikujua, sikuondoka.

Nimeziona meli nyingine za namna hii, mimi au yule niliyekuwa kabla ya koti. Nimeiona moja iliyotiwa ndani ya bwawa la zege, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja kila zilipooza, mpaka haikubaki hata moja iliyosikia baruti, na bado wazee waliopigana juu yake walikuja kuibusu. Nimeiona nyingine iliyotunzwa na wale walioshindwa nayo, wanaipaka rangi kwa uangalifu kuliko wenyewe walioshinda. Kuna moja ambamo watoto husherehekea siku za kuzaliwa, wanapuliza mishumaa chini ya makombora na kuulizana kama yakilipuka keki itabaki. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini binadamu hutunza kile kilichomuua. Palikuwa na meli iliyobeba mahindi wakati wa njaa, kila mtu aliyezidi umri fulani katika pwani ile aliwahi kula kutoka tumboni mwake, na ilipozeeka ilikatwa ikafuliwa masufuria. Labda ndiyo heshima iliyoistahili. Labda tunachokiweka kwenye makumbusho ni kile tunachoogopa kukiweka jikoni.

Na meli ni nini hasa? Bati? Bati limebadilishwa. Jina? Limebadilishwa mara mbili. Mabaharia? Ni fundi saa na mshona viatu. Maji? Yameondoka. Nilikuwa nikizunguka humo mchana kutwa, mkono ukutani, nikiondoa kitu kimoja kimoja kichwani kuona kitabaki nini. Ukiondoa mizinga inabaki meli. Ukiondoa mashine inabaki meli, inakuwa gereza au ghala, lakini bado meli. Kila mara nilifika mahali pamoja, kwenye ule ujia mwembamba, mbele ya chuma kile kilichofungwa. Mlango huo mmoja tu ndio haujabadilishwa. Basi, nikajiambia, meli ni mlango, na vilivyobaki vyote ni njia ya kuufikia. Na nani basi mwenye meli, aliyeufunga au aliyefungiwa? Nikajicheka, maana wakati huo nilikuwa nimeshika kitambaa na kopo la grisi. Gurudumu lile tulilipaka grisi kila Ijumaa ili ling'ae picha zikipigwa.

Hapo ndipo tulipozoeana na Bi. Mize. Alikuwa dada yake Nyange, na Nyange alikuwa mmoja wa waliobaki omo. Alikuja kila siku na ungo wa mchele, akaketi kwenye kiti kidogo cha chuma kando ya mlango, akachambua. Alitoa mawe, alitoa chuya, akapepeta, akaanza upya. Wageni walimdhani ni sehemu ya maonyesho wakampiga picha. Asubuhi nyingine alikuja bibi kizee mwenye mgongo uliopinda, na asubuhi nyingine alikuja msichana mdogo kuliko mimi, na hina mkononi, na katika siku zote alikuwa Bi. Mize, kwa kuwa mchele ulikuwa uleule na hasira ilikuwa ileile. Sikumuuliza. Mtu anayesubiri kwa muda mrefu hana budi kupumzisha umri wake mara mojamoja.

Alinichukia kila asubuhi kwa muda unaofaa, akiniita Faki, akinikumbusha kwamba Nyange alinifundisha kuogelea, kwamba tulikula sahani moja, kwamba ni mkono wangu huu huu uliomfungia mlango. Kisha alinitazama vizuri na kuniuliza nimekula nini. Mwanzoni nilimwambia kwamba mimi si Faki, nimevaa koti tu. Akasema hata Faki alikuwa amevaa koti tu. Nikamwuliza kwa nini anachambua mchele usiopikwa. Akasema kaka yake aliondoka nyumbani siku ile bila kula, wali ulikuwa bado mbichi, na alimwambia anakwenda na kurudi. Mtu akikuambia anakwenda na kurudi, akasema, unafunika chakula au unapika upya, hulali. Nikaendelea kusugua gurudumu.

Siku moja mbuzi walihama. Waliondoka chini ya tumbo la meli wote kwa pamoja, wakaenda kulala juani, na Bwana Lukindo alipowaona alielewa kabla ya mainjinia. Omo ilikuwa inaoza. Kutu imekula mbavu zake kwa ndani na meli yote ilianza kuinama mbele polepole, mpaka samaki wa udongo tu ndio waliobaki mahali pao mezani, vijiko vyote vimeteremka. Wakaja watu wenye kofia ngumu, wakagonga, wakasikiliza, wakasema dawa ni moja: kutoboa tundu juu ya sitaha na kuijaza omo zege mpaka juu. Itakuwa jiwe, wakasema, haitainama tena milele. Gari la zege likaagizwa.

Nilimkuta Bwana Lukindo peke yake kwenye ujia, kofia mkononi, paji la uso limeegemea mlango. Sikupata kumwona amesimama wima kabla ya hapo, na hata hapo hakuwa amesimama wima. Nikamwuliza swali langu, lile lililonileta: nyuma kuna nini? Akasema kuna bahari. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa kwao. Aliamini kwamba maji yote yalikwenda isipokuwa yale ya siku ile, yaliyofungiwa pamoja na wenyewe, na kwamba yamo mle yamesimama, hayajui kama vita vimekwisha. Nikamwambia basi tufungue tuone. Hapo akageuka.

"Na kama hamna?" akaniuliza. "Kama ni chumba kitupu chenye kutu? Meli zote za rika lake zilizama au zikauzwa chuma chakavu. Hii imebaki kwa ajili ya mlango huu. Ukifunguka, mimi nitakuwa nimetunza nini maisha yangu yote?"

Nilitaka kumcheka nikashindwa. Nilikuwa nimekutana na watawala wengi katika safari zangu, na wote walikuwa na mlango kama ule mahali fulani, lakini huyu peke yake ndiye aliyekiri kwamba hajui kilichomo. Nikaona kwamba kuogopa maji na kuogopa utupu vilimfikisha kwenye zege lilelile. Alinionea huruma kwa kutokuelewa, nami nilimwonea huruma kwa kuelewa sana, tukaachana tukiwa tumelingana.

Habari ilipomfikia Bi. Mize hakulia. Aliweka ungo chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamfuata Bwana Lukindo mpaka juu ya sitaha, na sote tukasimamisha kazi kusikiliza. Alimwambia kwamba yeye haombi meli, haombi fidia, wala haombi jina la kaka yake liandikwe kwenye kibao. Anataka kumwona Nyange kabla hajafanywa jiwe. Kama ni mfupa, auone mfupa. Kama hamna kitu, aoneshwe hicho kitu kisichokuwamo, ajue la kufanya na mchele wake. Bwana Lukindo alisikiliza ameinama, na kwa heshima, kwa kuwa alimwita mama. Akamwambia kwamba sheria ya nyumba ile anaijua. Hakuna anayeingia bila kuitikiwa.

"Piga hodi, mama," akasema. "Ikiitikiwa karibu, mlango huu nitaufungua kwa mkono wangu mwenyewe. Nakuahidi mbele ya hawa."

Ilikuwa ahadi ya ujanja na naamini pia ilikuwa ahadi ya kweli. Bi. Mize akashuka, akabisha. Alibisha mchana ule wote, mara tatu tatu, akiondoka kila baada ya tatu kama adabu inavyotaka, anakwenda mpaka jikoni, anarudi, anaanza upya. Nyuma ya chuma hapakuwa na neno. Tuliokuwa tukipita tulijifanya tuna kazi upande mwingine.

Gari la zege lilikuja asubuhi, nalo lilikuja na mji mzima. Walivaa nguo za sikukuu. Lilisimama pembeni mwa meli likizungusha tumbo lake, na bomba lake refu likapandishwa mpaka kwenye tundu la sitaha. Ndani, kwenye ujia, walijipanga wageni wa heshima wamebanana kutani. Bwana Lukindo aliamua kwamba kwa siku hiyo pasiwe na maonyesho. Aliona si vizuri kuwachezea waliomo wakati wa kuwaaga, akaizima kaseti na kuondoa betri. Bi. Mize aliomba abishe mara ya mwisho. Siku hiyo alikuwa na umri wote kwa pamoja, msichana na kizee, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Hodi. Akangoja. Hodi. Tulilisikia tumbo la lile gari likisaga mawe. Hodi.

Kimya.

Bwana Lukindo alingoja kuliko adabu inavyodai. Kisha akainua mkono kuwaashiria walio juu wajiandae, na Bi. Mize akaketi kwenye kiti chake akauchukua ungo, kwa kuwa mikono haikuwa na kitu kingine cha kufanya. Akaanza kuchambua. Mimi nilikuwa mahali pangu, mkono kwenye gurudumu, ndani ya koti la Faki, na nilihisi kuna kitu kimepungua. Nilikuwa nimesimama pale siku zisizo na idadi na kila nilipolishika gurudumu hilo palikuwa na sauti. Sasa hapakuwa nayo, na mwili wangu uliingoja kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka. Sikufikiri. Vidole vyangu vyenyewe viliikamilisha, vikagonga juu ya chuma.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Karibu," akasema Bi. Mize.

Hakuinua kichwa. Alisema kama mwanamke yeyote asemavyo akiwa uani anachambua mchele na mtu akagonga mlango wa mbele, na vidole vyake viliendelea, vikatoa jiwe moja, vikalitupa. Kisha vikasimama. Aliutazama mkono wangu. Akautazama mlango. Nami nikautazama, na kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu nilipolivaa lile koti kilinigeukia kikaniangalia usoni.

Tatu, kisha kimya. Tatu, kisha kimya. Faki wa kwanza aliwarudisha mafundi mpaka wakaipata sawasawa, na sisi tukaisikiliza kila siku, waziri ameisikiliza, watoto wa shule wameisikiliza, tukadhani ni watu wanaopigania roho zao. Anayepigania roho hagongi hivyo. Hapigi mara tatu akanyamaza kusikiliza kama ndani kuna watu. Maji yalikuwa kifuani mwao nao walikuwa wanabisha hodi, kwa utaratibu, kama walivyolelewa, wakingoja kuitikiwa na wenyeji. Wenyeji ni sisi. Wao walikuwa nje na sisi tulikuwa ndani, ndani ya meli, ndani ya mji, ndani ya hii miaka yote tuliyopona. Na badala ya kuwaitikia tulikwenda kusimama upande wetu wa mlango, kizazi baada ya kizazi, tukawabishia hodi wao, wasipojibu tukaondoka tukijisifia adabu. Watu wawili wamebisha mlango mmoja, kila mmoja anangoja mwenzake aseme karibu. Nilitaka kucheka na machozi yalikuwa yakinitoka.

Sijui wengine walielewa lini. Wimbi lilipita kwenye ule ujia, kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Bi. Mize alikuwa amesimama. Alijifunga kanga yake vizuri, akaufuta uso, akauelekea mlango, na safari hii alisema akijua anachosema.

"Karibuni. Karibuni jamani. Tumechelewa kuwasikia."

Nikamtazama Bwana Lukindo. Kwenye meli ile kulikuwa na amri moja tu iliyowahi kutolewa mbele ya mlango ule, na midomo yake ilikuwa imeanza kuiumba kwa mazoea, maana yeye ndiye aliyemfundisha fundi saa kuitamka. Akasema, "Faki." Nikangoja. Neno la pili halikuja. Alikuwa ameahidi kwamba hodi ikiitikiwa ataufungua kwa mkono wake, na hodi ilikuwa imeitikiwa, ingawa si kutoka upande aliodhani. Alinyoosha mkono akauweka kwenye gurudumu karibu na wangu. Ulikuwa wa baridi. Nilidhani tutahitaji nyundo na moto. Lakini tulikuwa tumelipaka grisi kila Ijumaa, na hakuna hata mmoja katika sisi aliyewahi kujaribu kulizungusha upande wa pili. Lilizunguka bila sauti.

Kwanza ilitoka pumzi, ya joto, ikinuka makaa, jasho na vitunguu. Kisha maji yakavuka kizingiti. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja polepole, kina cha kidole, safi, ya vuguvugu, yakipita katikati ya ujia kama yanayojua njia, na Bi. Mize alivua viatu vyake kuyapokea. Akasema piteni, piteni. Nasi tukasogea. Waziri akajibana ukutani, watu wa kofia ngumu wakabeba vitu vyao juu, Bwana Lukindo akanyoosha mgongo mpaka kichwa chake kikagusa dari, na kila mmoja aliwapisha, kwa kuwa palikuwa na watu wanaopita, mmoja mmoja, mabega yao yakitugusa, ingawa ukiniapisha nitasema niliyaona maji peke yake. Yakapita jikoni, yakapita chumba cha nahodha, yakateremka ngazi kuelekea kwenye uwanda wa chumvi. Huko nje mtu alilizima lile gari, na kelele za tumbo lake zikakatika.

Mmoja aliyepita alisimama kidogo mbele ya Bi. Mize. Najua kwa sababu maji yalisimama pale, yakazunguka vifundo vya miguu yake, naye akaweka mkono hewani, kwenye kimo cha shavu la kijana, akauacha hapo. Hakusema jina. Nilichungulia ndani ya omo, mimi mwenye maradhi yangu, kwa kuwa sasa nilikuwa na haki. Palikuwa na ukuta, kutu, na mwanga uliokuwa ukiingia kwa lile tundu la sitaha. Nilikitazama chumba hicho kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kujua zaidi.

Nilipogeuka, Bi. Mize alikuwa mbele yangu na ungo wake. Mchele ulikuwa mweupe, hauna jiwe hata moja. Akanitazama usoni, si kifuani lilipo jina, akaniwekea ungo mikononi.

"Lile jiko lenu la maonyesho," akasema, "hebu nenda ukaliwashe, mwanangu. Wageni hawajala."

Nikaenda kutafuta kibiriti.